Mguu Usiopigwa Picha

Mwaka ule wa korona nilikuwa kwenye foleni ya kemisti katikati ya jiji, kila mtu juu ya alama yake ya rangi sakafuni. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa Jamhuri, amefuata tembe zake za kisukari.

"Na miguu, mzee, iko aje?" dada wa kaunta akamuuliza.

"Iko sawa. Kliniki walitukataza kwenda, kwa hivyo kila Jumatatu namtumia sista wa huko picha ya miguu kwa simu. Ananijibu, 'Safi.'" Akamnyooshea simu.

Dada akapitia picha moja baada ya nyingine. "Lakini zote ni za mguu wa kushoto."

"Wa kulia, goti imekataa kukunja. Mama watoto ndiye alikuwa ananiangalilia. Alienda ushago, kijijini kwetu, kabla wafunge barabara."

Sote tukatazama chini. Sisi watu wa Nairobi, ambao hatujawahi kuheshimu foleni hata ya benki, siku hiyo hakuna aliyethubutu kukanyaga nje ya alama yake. Mwishowe nikatoka kwenye yangu, nikapiga magoti, nikamvua kiatu cha kulia. Soksi ilikuwa imegandia kwenye kidonda kipana kama sarafu ya shilingi kumi. Nilipoibandua, mzee hakushtuka hata kidogo.

"Unaona kitu?" akaniuliza.

Nikapiga picha kwa simu yake, tukaituma. Sista akajibu papo hapo:

"Mzee, huu ni mguu wa nani?"