Kianga cha Maskini

Hallbera alikuwa na shuka mbili za sufu, blanketi moja, foronya ya kitani aliyoachiwa na mama yake, na nguo za ndani pea moja. Baba mkwe wake, mzee Eyvindur, ambaye miguu ilishamkatalia na sasa alishinda kitandani, naye alikuwa na pea moja. Kwa hiyo siku ya kufua, kwao, ilikuwa siku ya kukaa uchi. Kila mwaka waliichekea. Mwaka huo hawakuichekea sana, kwa sababu ya Oddný.

Oddný alikuwa binti wa Hallbera, mtoto wa miaka minane. Baba yake alipokufa kwa ugonjwa wa mapafu, kata ilimchukua mtoto ikamweka kwa watu wa Holt, ng'ambo ya mto, maana paa la mama yake lilivuja na mtoto alikuwa akikohoa hadi kunakucha. Vuli ilipofika Hallbera akaenda Holt kwa miguu kumwomba Teitur, ambaye ndiye mwenye shamba hilo na ndiye mkuu wa kata. Teitur hakuwa mtu mbaya. Alijikuna ndevu, akamtazama mkewe, kisha akasema:

"Nitamleta mwenyewe mkesha wa Krismasi. Nikikuta kitanda kikavu na nguo safi, abaki kwako moja kwa moja. Nikikuta unyevu kama ule wa mwaka juzi, Hallbera, mimi sina la kufanya. Mwezi wa tano ataenda mashariki, kwenye kata aliyozaliwa baba yake. Wale ndio wanaopaswa kumlisha."

Mashariki ilikuwa mwendo wa siku tano kwa farasi.

"Kitakuwa kikavu," Hallbera akasema.

Hakusema kwa kubahatisha. Nani asiyejua kwamba siku chache kabla ya Krismasi Mungu huifunga mvua, siku moja au mbili hivi, ili mwenye nguo moja afue, zikauke, aingie sikukuu akiwa msafi kama wengine? Wenyewe walikiita kianga cha maskini. Wenye kabati lililojaa shuka hawakuhangaika kukiangalia. Hallbera alikiangalia tangu utotoni, na kila mwaka kilikuja, au kama hakikuja alisahau kwamba hakikuja.

Paa alilitengeneza mwenyewe. Alikata mabonge ya udongo yenye nyasi zake, akayabeba mgongoni, akaziba upande wote wa kitanda cha mtoto. Usiku alifuma soksi za sufu, ndogo, zenye mstari mwekundu juu, kwa sababu kwao hakuna mtoto anayeingia Krismasi bila kipande kipya cha nguo mwilini. Na pipa la mkojo, ambalo ndilo lililokuwa sabuni yao, alilijaza taratibu tangu mwezi wa kumi, akaliacha lichachuke vizuri.

Tarehe kumi na sita Desemba mawingu yakatawanyika. Upepo ulivuma kutoka kaskazini, baridi na mkavu, na vilele vyote vya barafu vikaonekana. Gunnvor, jirani wa shamba la pili, akaja akiwa amefunga shali kichwani.

"Wewe Hallbera, pipa lako limeiva mpaka linanukia kwangu. Unalitunza la nini?"

"La Krismasi."

"Upepo si huo hapo? Mimi shuka zangu zimeshaganda kambani, jioni nazikung'uta barafu basi, yameisha. Fua leo, shoga."

"Leo kumi na sita. Nikifua leo, hadi mkesha zitakuwa zimejaa masizi. Halafu kianga chenyewe bado."

"Na hiki ni nini, uji?"

"Huu ni upepo tu. Kianga cha maskini huja wiki yenyewe. Mama alikuwa akisema, anayekidaka kabla ya siku yake anamwambia Mungu kwamba hamwamini."

Gunnvor akafikiri kidogo. "Mama yako alikuwa na pea ngapi za nguo?"

"Moja."

"Haya," akasema Gunnvor, akakaza shali yake na kuondoka.

Mzee Eyvindur alisikia yote kutoka kitandani. "Mwanamke yule," alisema, "akifika peponi atamwuliza Petro kwa nini lango halijapakwa mafuta."

Hallbera akacheka, na hakufua.

Usiku huohuo upepo ukageuka. Mvua ikaja kutoka baharini, ikanyesha kumi na saba, kumi na nane, na siku zilizofuata, mvua ya kusukumwa na upepo inayoingia hadi kwenye tundu la ufunguo. Paa jipya lilishika siku mbili. Siku ya tatu likaanza kudondosha, tone moja moja, upande wa miguuni wa kitanda cha mtoto. Hallbera akaweka bakuli. Kila asubuhi alifungua mlango, akatoa mkono nje, akaurudisha umelowa.

"Bado?" mzee akamwuliza.

"Bado."

"Hakijachelewa. Kimesimama kwa Gunnvor kinanywa kahawa."

Tarehe ishirini na mbili alitoa mkono nje ukarudi mkavu. Alisimama pale mlangoni. Upande wa mashariki palikuwa na mstari mwembamba wa mwanga, na nyota mbili zilikuwa bado juu. Moyo ulimpiga kama wa msichana.

"Kimekuja, baba. Vua."

"Vua, vua," mzee akanung'unika huku akihangaika na vifungo. "Miaka sabini na tatu, na bado wanawake wananikimbiza hivi."

Hallbera akamfunika kwa ngozi ya kondoo, akavua na yeye zake, akabaki na sketi na gunia mabegani. Alifua vyote kwa mpigo mmoja: shuka zote mbili, blanketi, foronya, nguo za ndani. Alitoa hata majani makavu yaliyokuwa ndani ya godoro la mtoto, akayatandaza kwenye ukuta wa zizi yapigwe na hewa. Alizipasha nguo kwenye mkojo wa moto, akazibeba hadi kijitoni, akavunja barafu ya ukingoni, akazigonga kwa kibao hadi vidole vikawa vyekundu, kisha vyeupe, kisha asivisikie tena. Akazianika kwenye kamba za kufungia majani, kati ya jiko na zizi. Foronya ilipepea. Kwa muda wa saa mbili hivi Hallbera alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika kata ile.

Mchana wao wa Desemba hudumu saa nne tu. Saa ya tatu ya mchana huo ilipoanza wingu lilishuka mlimani, upepo ukapinda kusini mashariki, na kabla hajazifikia kamba, mvua ya theluji ilikuwa imeshafika. Alirudi ndani na mzigo uliokuwa mzito kuliko ulipotoka kijitoni. Majani ya godoro upepo uliyachukua nusu, na nusu iliyobaki ilikuwa matope.

Siku ya ishirini na tatu aliwasha samadi kavu, ndiyo kuni zao, yote aliyokuwa ameiweka ya sikukuu. Jiko likajaa moshi, nguo zikapata joto kidogo na harufu nyingi. Zile za ndani zilikauka, na foronya ikakauka ikawa ya manjano. Shuka na blanketi hazikukauka. Jioni Hallbera akafanya walivyofanya wazee wake: akajizungushia shuka mbichi mwilini, akalala nayo, ili damu yake iikaushe.

Mzee Eyvindur alimwangalia akitetemeka. "Nipe hiyo ya pili," akasema.

"Utakufa, baba."

"Bado nina joto kidogo. Silitumii kwa lolote."

Akampa, maana hakuwa na njia nyingine. Walilala hivyo, kila mmoja kitandani kwake, meno yakigongana, na asubuhi ya mkesha shuka ya mzee ilikuwa bado mbichi. Ya Hallbera ilikuwa karibu kukauka.

Hapo ndipo, mzee akiwa amesinzia, alipofanya jambo ambalo alijua ni uongo. Alijaza godoro majani aliyoyatoa kwenye hori la kondoo, yenye maji chini, akatandika juu yake shuka mbichi na blanketi bichi, na juu kabisa akaitandaza ile shuka moja iliyokaribia kukauka. Kichwani akaweka foronya. Ukitazama, kilikuwa kitanda.

Teitur alifika saa nane, mwanga ukianza kuondoka. Oddný aliingia mbele yake. Alikuwa amerefuka. Alisimama katikati ya chumba hajui pa kuweka mikono, hadi mama yake alipompa soksi. Akazivaa hapohapo. Teitur aliinama, akaweka kiganja juu ya kitanda, akakipitisha hadi kwenye foronya.

"Kikavu," akasema, na uso wake ukalainika. "Sikutegemea, nakuambia kweli. Mke wangu atafurahi."

"Panda, mwanangu, ukione," mzee Eyvindur akasema, asijue kilichokuwa chini ya shuka.

Oddný akapanda, akakaa kwa uzito wake wote. Hallbera alimwona usoni wakati maji yalipopenya. Mtoto aliacha kupumua kidogo, akamtazama Teitur, akamtazama mama yake. Kisha akatabasamu na kukunja magoti asiguse pengi.

"Kitanda kizuri, mama," akasema.

Na akakohoa. Kikohozi kilikuwa kilekile cha mwaka juzi, cha chini kifuani.

Teitur alikuwa ameshageuka kuchukua kofia yake. Angeondoka. Hallbera alichohitaji ni kunyamaza tu, muda wa mtu kufika mlangoni.

"Simama, Oddný," alisema. "Bwana Teitur, mrudishe." Akaivuta shuka ya juu.

Teitur alitazama. Akaligusa blanketi. "Ningeondoka nisijue," akasema.

"Najua."

"Mama, mimi nitalala sakafuni," Oddný akasema. "Nitalala na babu. Mimi sioni baridi."

"Vaa kofia yako."

Walipotoka, mzee alibaki akitazama boriti. "Ungenyamaza," alisema mwishowe.

"Hukumsikia kifua?"

"Nilimsikia."

Saa kumi na mbili jioni, ambapo kwao ndipo Krismasi huingia, Hallbera aliwasha mshumaa akamsomea mzee somo la siku, kurasa zote, bila kuruka. Nje mvua iliendelea, ikanyesha hadi mwaka mpya.

Mwezi wa tano Teitur alimpeleka Oddný mashariki, juu ya farasi wa mizigo, katikati ya mafurushi mawili ya sufu. Hallbera aliwasindikiza kutoka Holt hadi mto uliofuata. Maji yalikuwa mengi, na Teitur akamwambia asivuke.