Fundi Aliyefungwa na Mafaili Yake Mwenyewe

Jumanne nilikuwa nimekaa jikoni namenya ndizi, mvua inanyesha kama kawaida yetu huku Tukuyu, mara simu ikaita. Namba siijui. Sauti ya mama mtu mzima, mzee kama mimi, ikasema, "Ni wewe mama wa Tukuyu?" Nikasema ndiyo mimi, nani mwenzangu? Akasema, "Mimi mama yake fundi. Mwanetu amelala. Jana asubuhi, alikuwa anafunga kamba za viatu." Nyie wasomaji wangu, kisu kilinidondoka. Mwanamke huyo sijawahi kumwona, yuko Kigoma huko, mimi niko hapa magoti yamenifungia ndani tangu mvua zianze, na tukalia kwenye simu kama tumekaa kirago kimoja. Kuna jambo aliniuliza kabla hajakata, nitawaambia. Ila kwanza niwaambie huyo fundi alikuwa nani, maana wengi mlikuwa mnamwona tu anapita na mwavuli wake mweusi mkidhani ni mwinjilisti.

Alikuwa fundi wa mtandao. Kiwanda kimoja cha chai huku kwetu kilimwita aje kwa miezi mitatu, akapanga chumba changu cha uani, akakaa miaka tisa. Kazi yenyewe alinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa, na mimi darasa la tatu sikumaliza, kwa hiyo msiogope. Alisema mitambo ya kukaushia majani inaongea na kompyuta za ofisini, na maongezi yenyewe yanakatwa vipande vipande vinaitwa pakiti. Yeye aliweka kaboksi kadogo njiani, kanakaa tu kanakamata kila pakiti inayopita na kuiandika kwenye faili. Kama mtu aliyekaa pale njiapanda anaandika: huyu kapita saa fulani, katoka kule, anakwenda kule, kabeba hiki. Mtambo ukinyamaza ghafla na majani yakaanza kuchacha, fundi anafungua faili, anasoma nani alisema nini na nani hakujibu, anajua ugonjwa uko wapi. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa unarudi kila msimu, kwa hiyo walihitaji na mafaili ya zamani wafananishe.

Sasa shida iko hapa. Duniani kuna namna ya kuandika mafaili hayo ambayo mafundi wote wanaijua, unalipeleka popote, linafunguka. Huyu mwanangu hakuitumia. Kaboksi kake kalikuwa na nafasi ndogo, basi akabana, akaacha hiki, akakata kile, akaandika kwa namna aliyoitunga mwenyewe kichwani. Programu za watu wengine zikiletewa faili lake zinalikataa kama mbwa aliyeona mgeni. Linafunguka kwenye kompyuta yake tu, kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Na mwanzoni, alinikiri siku moja tunakunywa chai, aliona raha. "Mama," akaniambia, "nilisema wakijua kufungua wenyewe, watanitaka wa nini?"

Ndivyo alivyojifunga. Mama yake alikuwa anazeeka, kila wiki anapiga, unakuja lini. Fundi anafungasha begi, simu ya kiwanda inaita: mtambo umenyamaza, faili halifunguki, njoo. Safari ya kwanza alikuwa bado mlangoni kwangu. Ya pili alifika stendi. Ya tatu basi lilikuwa limeshafika Kiwira, wanawake wamemzunguka dirishani wanamuuzia ndizi, simu ikaita. Akashuka. Nilimwona anarudi kwenye matope, begi begani, limelowa mpaka linatoa maji. Nikamwambia, "Gwe fundi, si uzime simu!" Akasema, "Nikizima, mama, majani ya watu yanaoza, na ni mimi niliyefanya yasifunguke." Akaingia chumbani, akalitundika lile begi kwenye msumari. Begi lile lilikaa pale msumarini miaka, hakulitoa vitu vyote. Shati za safari zikaota ukungu. Nilipokuwa nafagia nalikuta linanitazama, nasema moyoni, huyu mtu kafungwa na hakuna aliyemshitaki.

Sasa niwasimulie ya maharage, maana bila maharage fundi angefia kwenye chumba changu.

Mimi mbegu zangu nazihifadhi kwenye chupa za plastiki, nachanganya na majivu wadudu wasiingie. Kila chupa nafunga shingoni kamba ya mgomba inaning'inia, ina mafundo mawili. Fundo kubwa likitangulia, ni mbegu ya kupanda. Dogo likitangulia, ni ya kupika. Ndivyo alivyonifundisha mama mkwe, na maharage yenyewe yale ya madoadoa ni yeye alinipa. Basi nikaugua, nikalazwa. Mkamwana wangu, huyu huyu anayeniandikia haya mnayosoma (hapa ameguna, na aandike kwamba ameguna), akabaki na nyumba. Yeye anafanya kazi ofisini kiwandani kule kwa fundi, mtoto wa kompyuta, msomi. Akanipigia hospitali: "Mama, nipike maharage ya chupa ipi?" Nikamwambia, "Ile ambayo dogo linatangulia." Akasema sawa mama, pumzika.

Niliporudi nikakuta mbegu yote imeliwa. Yote! Chupa ya kupika ipo imejaa, ya mbegu imebaki majivu. Nikashika kichwa. "Nani amekula mbegu ya mama mkwe?"

Mkamwana akasema, "Mama, si uliniambia dogo linatangulia? Tazama." Akashika ile kamba, akaanzia kule chini kwenye ncha inayoning'inia. Dogo, kubwa.

"Unaanzia mkiani? Kamba inaanzia shingoni!"

"Nani kasema?"

"Mimi!"

"Lini?"

Nikaigeuza ile kamba. Kweli sikuwahi kusema. Nilimwona mama mkwe anaanzia shingoni, nikaanzia shingoni, miaka hamsini. Na fundi alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda, sahani ya pili mkononi, maana mkamwana alikuwa amepika yale ya mwisho siku hiyo hiyo na mbalaga, ndizi zetu za kupika. Akauliza polepole, "Mama, kwani mtu mwingine angejuaje aanzie upande gani?"

"Angeniuliza."

"Na ungekuwa umekufa huko hospitali?"

"Weee! Mbegu yangu umekula sahani mbili na kifo unaniombea juu yake?"

Mkamwana alicheka mpaka akakaa chini. Lakini fundi hakucheka. Aliweka kijiko. Alikaa akiitazama ile kamba kama ameona nyoka, halafu akasema, "Mama, hivi ndivyo nilivyofanya mimi." Akatueleza kwamba hata kompyuta zina tabia hiyo. Namba ikiwa kubwa inagawanywa sehemu, na kompyuta moja inaanza kuandika sehemu kubwa, nyingine inaanza na ndogo. Kwa hiyo wenye akili huweka mwanzoni mwa faili alama moja inayojulikana. Msomaji akiikuta imekaa sawa, anaendelea. Akiikuta imegeuzwa, anajua na mengine yote ayageuze. Alama ndogo tu. Yeye aliiacha. "Niliona ya nini, kaboksi ni kamoja, msomaji ni mimi."

Nikamwambia, "Kumbe na wewe una chupa zako!"

Kesho yake akaanza kuandika programu ya kusoma mafaili ya kaboksi kake, ya zamani na yatakayokuja, na kuyaandika upya kwa namna ya watu wote, aiachie kiwanda. Mimi nilikwenda kwa dada mmoja wa Suma niliyewahi kumgawia ile mbegu, akanirudishia kibakuli, ndaga fijo, asante sana popote alipo, nikapanda. Tukawa tunakwenda pamoja, maharage yangu shambani na mafaili yake chumbani. Na lake lilikuwa gumu kuliko langu. Kila pakiti ilitakiwa iwe na lebo yake: imepita saa ngapi, ilikuwa na urefu gani yenyewe, na yeye alikamata urefu gani. Huyu bwana alikuwa akikamata kichwa cha pakiti na kutupa kiwiliwili, na hakuandika popote kwamba amekata. Urefu aliupata, maana pakiti nayo ina maandishi juu yake ya ukubwa wake. Lakini saa! Kaboksi kalikuwa kanahesabu muda tangu kalipowashwa. Umeme ukikatika, kanaanza upya sifuri, kama mtoto aliyesahau hesabu.

Hapo ndipo nilipokuwa mtu wa maana. Akaja jikoni na karatasi: "Mama, nakumbuka umeme ulikatika mara mbili mwaka ule wa mvua ya mawe. Siku gani?" Nikamwambia, ya kwanza ni harusi ya binti wa jirani yetu, kwaya iko katikati ya wimbo, spika zikafa, bwana harusi akabaki anacheza peke yake. Akakimbia kanisani, tarehe ya harusi ikawemo kwenye kitabu. Ya pili ni siku ng'ombe wangu aliyeitwa Malaika alipozaa mapacha na daktari wa mifugo akaja na tochi mchana kweupe kwa giza la mvua, umeme hakuna. Daktari ana daftari. Hivyo hivyo. Miaka tisa ya kiwanda ikapata saa zake kutoka kwenye harusi, misiba na ng'ombe wa Rungwe. Nilikuwa nacheka peke yangu. Ila pale tulipokosa, hakutunga. Aliandika kwamba hapa saa haijulikani. Nilimuuliza, si uweke yoyote? Akasema, "Mama, faili likidanganya mara moja, nani ataliamini tena?"

Siku ya kujaribu, maharage yalikuwa yanaanza kukauka shambani. Alimpa mkamwana yale mafaili mapya, akamwambia fungua kwa programu yako ya kawaida, halafu yeye akatoka nje akasimama mvuani ili asije akagusa. Mkamwana akabonyeza. Likafunguka. La pili likafunguka. Akafungua dirisha akapiga kelele, "Fundi, yanasoma!" Meneja akaja mbio kudhani mtambo umelipuka. Alipoelewa akauliza, "Kwa hiyo tukikwama?"

"Mtafungua."

"Na wewe?"

"Mimi nakwenda kwa mama."

Meneja akasema, "Sasa miaka yote hii tulikuwa tunakuzuia sisi, au ulikuwa unajizuia mwenyewe?" Fundi akachukua mwavuli wake. Alikuja nyumbani, akalitungua lile begi, tukazifua zile shati mara mbili, ukungu ukakataa kutoka.

Nikampa chupa ya mbegu mpya niliyovuna ampelekee mama yake. Nikafunga kamba, kubwa, dogo. Akaichukua, akaingia chumbani, akarudi na kipande cha uzi mwekundu alichokivuta kwenye sweta lake, akakifunga kwenye ile ncha ya shingoni. "Pa kuanzia," akasema. Nikamwambia andika basi karatasi. Akasema, "Mama yangu hajui kusoma. Nyekundu anaijua." Akapanda basi, likapita Kiwira, na simu haikuita.

Alinipigia mara kwa mara. Mara moja akaniambia, "Mama, miezi minne, kiwandani hawajanipigia hata siku moja." Nikasema, si ndicho ulichotaka? Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Ndicho. Lakini wangepiga hata mara moja, nisikie tu." Mimi nilimwelewa. Mtu aliyezoea kushikwa mkono, ukimwachia anautazama mkono. Wapo wengi hapa kwetu, sitawataja. Karani anayejua peke yake faili liko kabati gani. Mzee anayejua peke yake mpaka wa shamba uko jiwe lipi. Mama kama mimi na mafundo yake. Tunaringa kwamba bila sisi hakuna kinachokwenda, halafu tukitaka kwenda hata kuzika tunakuta na sisi hatuwezi kutoka. Fundi alitoka akiwa amechelewa. Alipata mama yake miezi saba tu. Miezi saba, kwa miaka tisa. Hilo linaniuma, sitalipaka sukari.

Sasa lile jambo aliloniuliza mama yake Jumanne. Tulipokwisha kulia, akasema, "Mwenzangu, kuna chupa yako hapa ya maharage. Alisema mvua ikianza tutapanda pamoja. Mvua imeanza. Kamba imechomoka shingoni nimeiokota chini, ina mafundo, sijui nipike wanaokuja msibani au nipande."

 Nikauliza, "Una uzi mwekundu?"

"Upo, kwenye ncha moja."

"Anzia hapo. Lipi linatangulia?"

Nikamsikia anapapasa, anahema. "Kubwa."

"Basi panda, mama. Panda."

Baada ya kukata simu nilimwita mkamwana alete lile sweta kuukuu fundi aliloacha nyuma ya mlango. Tumelifumua mkono mmoja. Leo chupa zangu zote kumi na moja zina uzi mwekundu shingoni, na mkamwana ameeleza maana yake kwa watoto wote wa nyumba hii mpaka wamechoka. Na wewe unayesoma, inuka sasa hivi, nenda kwenye kile kitu unachokijua peke yako, ukiwekee pa kuanzia. Halafu ufungashe begi, uende kwa mama yako angali hai.