Mke wa Juu ya Paa

Mwanakheri binti Boga hakumwacha mwali yeyote aingie nyumba ya mume bila kumfunza neno hili: jambo liitwe kwa jina lake. Mke wa pili ni mke wa pili. Mtu na aoe mbele ya watu, agawe zamu kwa haki. Kinachofanywa kwa kificho si ndoa, hata kikifukizwa udi. Kwa msimamo huo aliheshimiwa Likoni nzima, na hapakuwa na arusi ya maana ambayo hakuitwa kuwa somo wa kumfunda bibi arusi.

Mumewe, Faki, alikuwa kuli bandarini. Mabaharia wa Kimarekani walimpa vitabu vya picha, vile vya mashujaa wanaoruka angani wamevaa chupi juu ya suruali. Faki alijua Kiingereza kidogo, nacho alikitembeza kama kanzu mpya. Alasiri za Jumapili, mwaka wa 1961, wanawake walipokuja kushona kofia uani kwa Mwanakheri, Faki aliketi mlangoni akawasomea.

Jumapili moja shujaa alikuwa Kimondo. Mkewe naye alikuwa shujaa, mwanamke wa kuinua lori kwa mkono mmoja. Lakini Kimondo alikuwa juu ya paa la ghorofa, amemkumbatia mwanamke mwengine aliyevaa barakoa.

"Na huyo ni nani?" akauliza Kulthum, mdogo wake Mwanakheri.

"Mke mdogo," akasema Faki.

"Mke mdogo alazwa juu ya paa? Masikini, hata chumba hakupangiwa!"

Wanawake wakacheka mpaka sindano zikawaponyoka. Mwanakheri hakucheka. Alikivuta kitabu akaitazama picha iliyofuata: Kimondo anafuta rangi ya mdomo shavuni kabla ya kubisha hodi kwake.

"Faki, busu la mke wa halali hufutwa?"

"Huko kwao ndiyo desturi."

"Na huyu mkewe mbona analia?"

"Wivu tu! Mtu ameokoa mji mzima, asipumzike? Mwanamume ametoka kazini hoi, akipitia kidogo kwa mtu wake Changamwe, dunia ipasuke?"

Mji wa Kimondo haukuwa na mtaa uitwao Changamwe.

Mwanakheri akaiweka kofia chini. Hasira ilimpanda hadi utosini, lakini hakumtupia mumewe neno la zinaa, maana alijua uzito wake bila mashahidi. Alimuuliza tu.

"Huyo wa Changamwe ni mke, au si mke?"

"Tutazungumza ndani, mama."

"Kama ni mke, wallahi, mlete. Nitamfagilia chumba, tugawane zamu. Sema mbele ya hawa."

Faki akakitwaa kitabu, akakikunja, akavaa viatu, akatoka.

Hapo ndipo aibu kubwa zaidi ilipoanza. Wanawake wale wale waliomcheka Kimondo wakamgeukia Mwanakheri.

"Msitiri mumeo, somo."

"Mwanamume haulizwi hadharani."

"Akulisha, akuvisha," akasema Kulthum. "Wataka nini tena, dada?"

"Wali nitajipikia. Likoni hii imejaa wasichana niliowaambia wasikubali kufichwa. Leo nikikubali mimi, niwatazame kwa macho gani?"

Watu walisema vitabu vya picha ndivyo vilivyoivunja nyumba ile. Uongo mtupu. Karatasi haina miguu ya kwenda Changamwe. Nyumba ilivunjwa na mwanamume aliyeufunika uchafu wa shujaa wa kuchorwa ili kuuzoesha mdomo wake kufunika wa kwake, na mtaa uliomsamehe kabla hajaomba msamaha.

Mwanakheri alingoja mpaka Ramadhani ikaisha. Kila alipouliza, Faki alijibu, "Kesho, inshallah." Basi akaenda kwa kadhi, akadai talaka, akaipata.

Mwanamke aliyeachika haitwi kumfunda mwali; watu huona ni mkosi. Hata mabinti wa wale washonaji walifundwa na wengine. Bendera mpya ilipopandishwa, Desemba 1963, yeye alikuwa akiishi chumba cha nyuma kwa kaka yake, Mtongwe. Swali lile lilimgharimu nyumba, kazi ya usomo, na mdogo wake Kulthum, ambaye hakusema naye tena.