Kahindo, Namba Kumi na Tisa

Kahindo alikuwa na miaka arobaini na moja na hajawahi kupiga kura maishani mwake. Alitoka Butembo, Kongo, kabla ya uchaguzi kufika huko, na Uswidi alikuwa na miaka sita tu, bado hana uraia. Alipika katika shule moja ya Fittja, mtaa wa manispaa ya Botkyrka. Sauti yake ilisikika hadi nje uwanjani, na mtaa mzima ulimwita Mama Nicole, kwa jina la binti yake.

Basi majira ya kuchipua ya mwaka 2010, Gunvor, katibu wa chama kimoja kidogo cha pale Botkyrka, alipomwomba agombee udiwani, Kahindo alidhani amesikia vibaya.

"Mimi si raia, mama."

"Kwa bunge la nchi, huruhusiwi," Gunvor alimjibu. "Lakini baraza la manispaa na baraza la mkoa ni mambo ya wakazi. Ukishaandikishwa hapa miaka mitatu unapiga kura, na unaweza kugombea."

Kahindo alikubali papo hapo. Sababu alikuwa nayo tayari. Jirani yake, Libérate, alianza kufagia ofisi za Sundbyberg, upande wa pili wa jiji, saa kumi na moja alfajiri, na shule ya chekechea ilifunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Kila siku Libérate aliwaamsha watoto gizani na kuwapeleka kwa majirani, leo huyu, kesho yule. Saa za chekechea zilipangwa na manispaa.

Orodha ya chama ilipotoka, jina lake lilikuwa la kumi na tisa kati ya ishirini. Chama kilitarajia viti vitatu.

"Namba kumi na tisa maana yake nini?" aliuliza.

Gunvor alipanga upya karatasi zake. "Inaonyesha kwamba sisi ni chama cha watu wote."

Jumapili hiyo aliimba kwaya akiwa amenuna. Baada ya ibada, Herménégilde, dereva wa basi kutoka Burundi aliyeimba besi, alimuuliza ana nini. Alipoambiwa, alicheka.

"Mama Nicole, hawajakueleza yote. Siku ya kura kuna karatasi tatu. Ya njano ni bunge, ya buluu ni mkoa, nyeupe ni manispaa. Kwenye nyeupe, mpiga kura anaweza kuweka alama mbele ya jina moja. Ukipata alama kutoka kwa watano katika kila mia waliochagua chama chako, unawaruka wote waliokutangulia."

"Hata nikiwa wa kumi na tisa?"

"Hata ungekuwa wa mwisho kabisa!"

Kahindo alimshika mikono, akaanza kuruka pale pale kwenye ngazi za kanisa.

Kuanzia siku hiyo hakutulia. Akitoka kazini alipanda ghorofa kwa ghorofa, akagonga milango kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa Kiswidi chake cha jikoni. Nyumba nyingi zilikuwa na bahasha ya kadi ya kura iliyotupwa pamoja na matangazo ya maduka. "Hii ni yako," alisema akiiokota. "Wanakuita wewe." Mzee Onésime, Mkongo mwenzake, alifurahi hata akaahidi kuweka alama kwa majina yote ishirini, asimkwaze mtu.

"Hapana, papa! Ukiweka mbili tu, alama zote zinaharibika. Moja!"

"Moja tu?"

"Moja. Na jina ni Kahindo, si Mama Nicole. Mama Nicole hayumo kwenye karatasi."

Tarehe kumi na tisa Septemba alivaa kitenge chake kipya na kwenda kupiga kura. Msimamizi alimpa bahasha mbili, maana ile ya bunge haikumhusu. Nyuma ya kizuizi aliweka alama kwa haraka hata ikaenda upande, lakini ikabaki ndani ya kisanduku. Jina lake mwenyewe. Alitoka nje akicheka peke yake, na Libérate, aliyekuwa kwenye foleni na watoto wake wawili, akapiga kigelegele hadi msimamizi akaja mlangoni kutazama.

Chama kilipata viti vitatu kama kilivyotarajia. Lakini alama za majina zilihesabiwa siku zilizofuata, na Kahindo, akisubiri, aliunguza sufuria mbili za wali. Gunvor alipopiga simu hatimaye, watoto wa shule walikuwa mezani wakila.

"Ulihitaji mia moja na kumi na tatu," Gunvor alisema. Sauti yake ilikuwa juu. "Umepata mia moja ishirini na tisa. Kahindo, umeingia! Umeingia wa kwanza!"

Kahindo alipiga kelele iliyosimamisha vijiko vyote. Wapishi wenzake walimkumbatia, na watoto, wasiojua lolote, wakaanza kushangilia pia.

Novemba aliketi katika baraza la manispaa. Mwezi uliofuata alisimama kwenye kipaza sauti na kuwasilisha hoja yake ya kwanza, kwamba chekechea moja Fittja ifunguliwe saa kumi na nusu alfajiri. Hoja ilizungushwa kwenye kamati karibu mwaka mzima, ikapunguzwa kidogo ila saa haikuguswa, kisha ikapita kwa kura chache. Asubuhi ya kwanza Libérate aliwafikisha watoto wake saa kumi na robo. Alikuwa amewahi mno, akalazimika kusubiri.