Mgeni wa Norway na Neno la Msimu

Leo mamangu amemwitia mgeni bodaboda ampeleke hospitali. Kosa lake? Neno moja tu!

Ingrid ni mkimbiaji kutoka Norway, anafanya mazoezi Kaptagat. Asubuhi nilimleta kwetu Chepkoilel, tukamkuta mama shambani akivunja mahindi.

Ingrid akasimama, akashika kifua, machozi yakamtoka.

"Høst!" akasema. "Høst!"

Mama akatupa hindi chini. "Anasema hosi! Anataka hospitali! Ita boda!"

Jamani, boda ikafika. Mama anamsukuma Ingrid apande, Ingrid anang'ang'ana na uzio.

Ndipo Ingrid akapata nafasi ya kueleza kwa Kiingereza, nami nikamtafsiria mama. Høst ni msimu wao kabla ya baridi kali. Zamani neno hilo lilimaanisha mavuno, na saa hii babake anavuna kwao bila yeye.

Mama akampangusa machozi kwa leso yake.

"Pole, mwanangu. Kumbe umekumbuka nyumbani."

Halafu akamshikisha gunia! "Basi, vunja."

Ingrid amemaliza laini tatu za mahindi, na mama ameshaniambia kesho nimlete tena.

Mimi sijaulizwa kama nimechoka. Mama zenu pia wako hivi?