Mchicha Uliodhaniwa Kurogwa

Mwezi uliopita, katika kambi moja ya mkonge hapa Kilosa, nilikuta akina mama wawili majirani wakizozana mbele ya tuta la mchicha. Mwenye tuta, mke wa mkata mkonge, alikuwa ameshika kiuno. Mchicha wake ulikuwa umegeuka manjano, na kotimiri ilikuwa imekauka.

"Wewe uliisifu bustani yangu," alifoka. "Tangu siku hiyo inakufa. Una kijicho!"

Jirani aliinama, akafukua udongo kwa vidole, akaunusa, akakunja uso. Ulinuka uchachu. Kumbe tuta lilikuwa kando ya mfereji wa maji machafu ya korona, ile mashine ya kusaga mkonge, na mwenyewe alikuwa akimwagilia maji hayohayo kwa kuwa yako karibu. Mara jirani akaanza kujikuna mpaka viwikoni, maana maji ya mkonge yanawasha.

"Kama mimi ndiye mchawi," alisema huku akijikuna, "mbona nimejiroga mwenyewe?"

Mwenye tuta aliangua kicheko hadi akakaa chini. Kisha akaleta maji ya kisima, akamnawisha mikono taratibu. "Nisamehe, dada yangu."

Jioni hiyo walilima pamoja tuta jipya kule mlimani, mbali na mfereji. Jana walinikaribisha ugali kwa mchicha wa huko, nikaomba nyongeza.

Basi, msomaji, mboga zikinyauka, uliza kwanza maji yanatoka wapi. Mchawi tutamtafuta tukishashiba.