Plasta Nyuma ya Kompyuta

Shemeji yangu alikuja kuchukua kompyuta kabla sijafua nguo za matanga. Tulikuwa tumetoka magharibi mwa Kenya kumzika mume wangu, viatu bado vina udongo wa kaburi, na yeye huyo mlangoni kwangu Lindi, mtaa wetu wa mabanda, na mkokoteni. "Mali ya ndugu yangu ni yangu," alisema. "Kila kitu alichoshika." Nikamwambia mashine hiyo ndiyo inalisha watoto. Akasema watoto ni wa ukoo, watakula. Chakula hicho cha ukoo nakingoja mpaka leo.

Mume wangu aliinunua kompyuta hiyo kuukuu kutoka ofisi moja ya mjini, lakini aliyeitumia ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesomea taipu. Pembe moja ya chumba chetu ilikuwa ofisi. Nilitaipu mitihani ya shule za mtaani, katiba za vikundi vya akina mama, barua za watu wanaotafuta kazi. Shida ilikuwa stima, huo umeme wenyewe. Yetu ilivutwa kutoka ploti ya jirani, tukagawana na kinyozi, na vibanda, na mashine ya kusaga unga. Mashine ya unga ikinguruma, balbu yetu inageuka rangi ya chai ya rangi, na kompyuta inakataa kuwaka.

Mume wangu akaipatia dawa. Nyuma ya pawa saplai, kile kisanduku cha bati kinachopokea stima na kuigawa ndani ya kompyuta, kulikuwa na kaswichi kekundu ka kuchagua nguvu. Upande mmoja 230, ndiyo stima ya Kenya. Upande wa pili 115, ya nchi ambazo stima yao ni nusu ya yetu. Akakasukuma kwa ncha ya kisu mpaka 115, na kompyuta ikaridhika na stima yetu ya kugawana. Juu yake akabandika plasta ya kidonda, watoto wasikachezee. Kisha akanipa sheria moja: chunga balbu. Mashine ya unga ikizimwa, stima inarudi na nguvu zake zote, balbu inakuwa nyeupe. Hapo chomoa haraka, la sivyo kitu kinapasuka. Kwa hivyo nilitaipu jicho moja kwa karatasi, jingine kwa balbu.

Shemeji alifungua ofisi mtaa mwingine, stendi ya Kawangware 56, katikati ya saluni na duka la misumari na rangi. Halafu, sikia maajabu, akatuma mtu aniambie niende nimtaipie. Kwa kompyuta yangu! Nilimtukana shemeji mpaka yule mtu akaomba maji ya kunywa. Lakini unga ulikuwa umeisha, nikaenda.

Nilimkuta ameipasua kompyuta meza nzima. Alikuwa amenunua bodi mpya, lile bamba la ndani lenye ubongo wa kompyuta, eti iwe ya kisasa, iende mbio. Bodi ya zamani ilikuwa chini karibu na mlango, watu wanairuka. Pawa saplai ileile aliirudisha. "Hii bado iko poa, shemeji. Ninunue ingine ya nini?" Akanionyesha plagi mbili zinazoingia kwa bodi. "Waya nyeusi lazima zikutane katikati. Ukikosea hapo, bodi imeenda. Mimi si mtu wa kubahatisha." Hilo alilijua, simnyimi.

Nikasema, "Shemeji, hiyo pawa saplai..."

"Wewe kazi yako ni taipu," akanikata. "Haya mengine waachie wanaume."

Sawa. Nikafunga mdomo wangu.

Alipogeuza sanduku akaiona plasta. "Na hii ni ya nini?"

Niliinua macho. Balbu yake ilikuwa nyeupe pe, stima ya Kawangware imejaa, haina mashine ya unga ya kugawana nayo. Nikakumbuka mkokoteni mlangoni, na kitinda mimba wangu akikimbia nyuma yake akilia.

"Alibandika ndugu yako," nikasema.

"Basi iko sawa. Huyo hakuwa mtu wa mchezo."

Mwalimu mmoja alikuwa kwenye benchi na mitihani yake, na akina mama wawili walikuwa wamekuja na katiba yao. Shemeji akawageukia kama mhubiri. "Sasa mtaona kompyuta," akasema, akabonyeza swichi ya ukutani.

Puu! Akina mama walikuwa nje kabla moshi haujapanda. Kulinuka kama nywele zilizoungua, mpaka watu wa saluni wakaja kuchungulia. Mwalimu alikusanya karatasi zake, akaenda zake bila kuaga. Shemeji alibaki ameshika kichwa, anaitazama bodi yake mpya yenye doa jeusi. Nilimtazama sana. Nilitaka niikariri sura ile.

Akabandua plasta, akaona kale kaswichi. Akanigeukia polepole.

"Ulijua. Ulijua na ukanyamaza!"

"Shemeji, ulisema kila kitu alichoshika ndugu yako ni chako. Hiyo swichi aliishika yeye. Mimi ningeigusa kama nani?"

Nilirudi Lindi mikono mitupu, na wiki iliyofuata nikaanza kwenda kwa mama mmoja wa Kambi Muru, mtaa jirani, aliyenikodisha taipureta yake ya zamani. Lakini jioni ile ile niliyotoka kwa shemeji nilikuwa nimekaa tu chumbani, na mashine ya unga ikazimwa. Balbu ikawa nyeupe. Mkono wangu ukaenda wenyewe kwa plagi, na hapakuwa na kitu cha kuchomoa. Nililia, sikatai, nikamlilia yule aliyenifundisha kuchunga balbu. Kwa ajili ya shemeji, hata chozi la kitunguu sikutoa.